Je, Uhura Aliulizwa?

Je, ni halali kwa Mkristo kuumia moyo kwa ajili ya mapenzi ya watu ambao hawakupata kuzaliwa? Swali hili laweza kuonekana la kitoto. Lakini ukikaa barazani jioni hapa Chake Chake, kahawa ikipita, utawasikia vijana wanaofuatilia tamthilia ya Marekani ya Star Trek wakibishana kwa sauti ambayo kwa kawaida huwekewa Simba na Yanga. Wengine wanataka Luteni Uhura awe wa Spock, kama filamu ya mwaka 2009 ilivyowaunganisha. Wengine wanasema moyo wa Spock uko kwa muuguzi Chapel. Wachache, waliotazama sehemu za zamani, wanarudi kwa Kapteni Kirk.

Uhura ni wetu kidogo. Jina lake limetoholewa kutoka neno letu uhuru, na tangu mwaka 1966 tamthilia hiyo ilipoanza kuonyeshwa, lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Mwigizaji wa kwanza aliyembeba, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba alikusudia kuacha kazi, na aliyemsihi abaki ni Martin Luther King. (Mlutheri asiyetabasamu kidogo hapo ni mgumu kuliko mimi.)

Wapo wazee wa kanisa wanaosema huku kote ni kupoteza kifurushi na muda. Sikubaliani nao. Nathani alipomwendea Daudi, katika 2 Samweli 12, hakuanza na Bathsheba wala Uria. Alianza na maskini mwenye mwanakondoo mmoja, mtu ambaye hakuwapo. Daudi akamkasirikia tajiri ambaye naye hakuwapo, na hasira ile ya kweli ndiyo iliyomfungulia mlango wa kujiona. Bwana wetu naye alifundisha kwa baba mwenye wana wawili bila kututajia kijiji chao. Moyo unaweza kujifunza haki kwa watu wa kubuni. Kazi ni kuangalia umejifunza nini.

Na hapa ndipo nina neno na mashabiki. Tarehe 22 Novemba 1968 Wamarekani walimwona Kirk, mzungu, akimbusu Uhura, mwanamke mweusi. Busu hilo hutajwa mara nyingi kuwa la kwanza la namna yake katika televisheni ya Marekani, ingawa wapo wanaobisha. Ni kweli lilihitaji ujasiri. Ilikuwa tarehe 12 Juni 1967 tu ambapo Mahakama Kuu ya nchi ile, katika kesi ya Loving, ilibatilisha sheria za majimbo 16 zilizokuwa bado zinakataza ndoa za watu wa rangi tofauti. Lakini itazame sehemu yenyewe. Kirk na Uhura hawabusiani kwa hiari. Wamo mikononi mwa viumbe wenye nguvu za kusogeza miili ya wengine kwa akili, wanaowachezesha kama vikaragosi ili wajiburudishe. Mwanamke mwenye jina la uhuru anabusiwa asipokuwa huru. Mashabiki wanashangilia rangi mbili kukutana. Kulazimishwa kunapita bila kutajwa.

Sisi wa visiwa hivi tusipite haraka hapo. Mwaka 1970, huko Unguja, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa Baraza la Mapinduzi. Hoja iliyotolewa ilikuwa kuondoa ubaguzi. Ubaguzi ulikuwapo, na ulikuwa mchungu, asiyeujua asiseme. Lakini msichana aliyeozwa ili taifa lichanganyike hakuhesabiwa kuwa mtu. Ni kikaragosi.

Mwanzo 24 inasimulia ndoa iliyopangwa na wakubwa tangu mwanzo: mtumishi ametumwa, zawadi zimetolewa, kaka na mama wameridhia. Hata hivyo, kabla ya ngamia kuondoka, wanamwita Rebeka na kumuuliza kama atakwenda. Naye anajibu. Luther, mwaka 1524, aliandika kijitabu kizima kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto kuoana wala wasiwazuie, na kwamba watoto nao wasichumbiane bila ridhaa ya wazazi. Wengi hupenda nusu moja ya maneno hayo na kuisahau nyingine, kutegemea umri wao.

Hapa Pemba swali hili halina anga wala chombo cha Enterprise. Sisi Wakristo ni wachache, wengi tumekuja kutoka Bara kwa kazi, na vijana hupendana na majirani. Kisha unakuja wakati mmoja anaambiwa abadili dini ili ndoa ipite. Mchungaji huumia kondoo anapoondoka. Nikisema siumii nitakuwa mwongo. Lakini siwezi kumfunga kamba. Imani iliyofungwa kamba si imani, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kufurahia binti wa jirani anayeletwa kwenye ubatizo kwa kuwa tu kadi za harusi zimeshachapwa. Kila mmoja huwa namuuliza faraghani, mchumba na wazazi wakiwa nje. Wengine hukaa kimya muda mrefu, na kimya hicho hunieleza mengi.

Wanaowasema wachumba kama hawa, kanisani na mitaani, ningependa wasome Hesabu 12, Miriamu na Haruni walipomnena Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi. Miriamu alikuwa nabii, si mmbea wa kisimani, na bado alitoka pale na ukoma.

Na vijana wa barazani, wakichoka na Uhura, wamjadili Amanda. Ni mama yake Spock, binadamu aliyeolewa na Sarek wa sayari ya Vulcan akaenda kuishi kwa desturi za ukweni. Tunakutana nao katika sehemu iliyoonyeshwa mwaka 1967. Sarek alijichagulia mke wa ugenini, asijali watu wake watasema nini. Mwanawe alipochagua kazi ambayo baba hakuitaka, walikaa miaka 18 bila kusemezana kama baba na mwana, na Amanda akiwa katikati yao.