Lulu ya Bei Rahisi

Mwezi jana nilienda mnada wa vitu vya wadeni hapa Thika. Nikaona mkufu wa zamani wa lulu, nikausugua kwa jino: ukakwaruza kama mchanga. Plastiki huteleza. Nikaununua kwa shilingi 3,000.

Kwa matatu ya kurudi Ruiru furaha ikaisha. Sheria iko upande wangu, lakini mwenyewe hakuuza kwa hiari. Mfanyabiashara wa Mathayo 13:45-46 aliuza vyake vyote apate lulu. Mimi nimeipata kwa hasara ya mwingine.

Kumbukumbu la Torati 24:13 inataka rehani ya maskini irudishwe jua likitua. Nimemwachia dalali namba yangu. Mwenyewe akija, atarudisha zile 3,000 tu, hata kidogo kidogo.

Wewe je, una nini cha mwenzako nyumbani?