Nafasi ya Mtu wa Tatu

Gari letu lilikuwa matatu. Fundi alilipaka rangi ya kijivu mara mbili, lakini jua likipiga ubavuni bado unauona ule mstari wa njano ambao matatu za Kenya zililazimishwa kuuvaa na kanuni za Michuki za 2004. Mlangoni kulikuwa na maandishi: abiria 14. Tuliyakwangua kwa wembe jioni moja, tukicheka.

Mimi na mume wangu tulilinunua kwa sababu tulichoka na lodging za kubahatisha. Kazi zetu zote mbili ziko kwenye laptopu, na nchi ni kubwa. Tukalipeleka kwa fundi wa jua kali huko Kariobangi, viti vikang'olewa, tukabaki tunatazama sakafu tupu yenye mashimo ya bolti. Nyuma ya dereva kuna takriban mita 3 kwa urefu na mita moja na nusu kwa upana. Kuna bafu Runda zinazozidi hapo.

Kupanga nafasi ya watu wawili kwa safari ndefu ni kazi inayofundisha adabu. Kitanda tulikiweka kwa urefu, godoro la futi nne kwa sita, maana ukikilaza kwa upana mume wangu atalala amekunjwa kama sambusa. Maji lita 60 ni kilo 60, kwa hivyo tangi lazima likae chini na karibu na katikati ya gari; ukilirundika nyuma kabisa, usukani unakuwa mwepesi na kona zinaanza kukutisha. Mtungi wa gesi wa kilo sita unataka sanduku lake lenye tundu chini, si juu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Hilo fundi alibishana nami siku nzima. Paneli ya sola ya wati 200 juu, betri ya lithiamu chini ya kitanda, friji ndogo. Halafu usiku wa kwanza tukagundua kwamba pumzi za watu wawili ni maji: tuliamka vioo vinatiririka. Siku hizi madirisha mawili yanaachwa wazi kidogo, hata kama ni Limuru mwezi wa Julai.

Kila kitu kilipita mtihani mmoja: je, sisi wawili tunakihitaji kila siku? Kisichohitajika, nje. Hivyo ndivyo kiti cha katikati kule mbele, kile ambacho makanga humwambia mtu "songa kidogo, mama," kilivyoondoka. Pahali pake tukajenga sanduku safi la mbao, lenye kifuniko. Ndani: chaja, njugu, sukari, tishu. Nililipenda sana lile sanduku. Nililipiga picha.

Safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa ya kaskazini. Isiolo, Archer's Post, lami nzuri hadi Laisamis, kisha barabara ya changarawe inayokwenda South Horr na ziwani, ile iliyotengenezwa upya ili mitambo ya upepo ya Turkana ifikishwe. Tulikaa siku tisa. Gari lilifanya kila kitu tulichoahidiana. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepanga vizuri.

Tukirudi, labda kilomita 60 kabla ya Laisamis, mzee mmoja alisimama kando ya barabara, mkono wake ukipigapiga hewa kwenda chini. Nyuma yake mama aliyebeba mtoto mgongoni. Tulisimama. Mzee akasema mtoto ana homa tangu juzi, wanataka afike hospitali Laisamis. Yeye mwenyewe hataki kwenda, tuchukue mama na mtoto tu.

"Mzee wetu, nafasi hakuna," mume wangu akasema, kwa heshima kabisa. "Gari hili ni la kulala, viti ni viwili."

Mzee alisogea dirishani. Akatazama kitanda, friji, vikombe vilivyoning'inia. Mwisho akatazama sanduku langu, pale katikati.

"Nafasi iko," akasema. "Vitu ndio iko mingi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba umeacha taa ikiwaka mchana.

Tuliwaachia lita tano za maji, mkate na dawa ya homa. Tukaenda. Najua unavyosikia, na mimi pia ningesikia hivyo. Lakini hebu weka kando hasira kidogo, maana kila alichosema mume wangu kilomita zilizofuata kilikuwa kweli. Kitandani hakuna mkanda. Gari likipinduka kwenye changarawe, mtoto anayekaa karibu na friji ya kilo 15 na mtungi wa gesi, nani atamjibia? Kisha usalama: unafungulia nani mlango, mahali usipopajua? "Na kwetu South B," akaniuliza, "tuna chumba cha mgeni? Hatuna. Mtu ametuita wabaya?"

Sikuwa na jibu. Tulifika Laisamis, tukaagiza chai na chapati. Saa moja na nusu baadaye lori la mbuzi likasimama na yule mama akashuka kutoka juu, kwenye vyuma, mtoto mgongoni. Alituona. Akaja akanipa mkono, akauliza, "Mlifika salama?" Kisha akaondoka haraka kuelekea hospitali.

"Unaona? Wamefika," mume wangu akasema.

Hapo ndipo nilipokasirika, na ilinichukua wiki kuelewa kwa nini. Kufika kwake hakukutokana na sisi. Dereva wa lori angeweza kupita asubuhi yake, au asipite kabisa. Tulikuwa tumechukua bahati ya mama yule tukaitumia kama ushahidi wa utetezi wetu.

Wanafalsafa wana kanuni ambayo watu huihusisha na Immanuel Kant: huwezi kuwa na wajibu wa kufanya usiloweza. Ni kanuni ya haki. Hakuna anayemlaumu kiwete kwa kutokimbia. Na pale barabarani tulijificha chini yake: hatuwezi, viti ni viwili. Lakini kutoweza kwetu hakukuanguka kutoka mbinguni. Tulikutengeneza, kwa spana namba 14, wiki sita kabla, Kariobangi, na tukamlipa fundi. Mtu aliyetupa funguo zake mtoni anasema kweli akikwambia hawezi kukufungulia. Je, ukweli huo unamsaidia nini?

Mume wangu anasema naongeza chumvi. Sisi hatukung'oa kiti ili tumnyime mtu. Tuling'oa kwa sababu hatukumfikiria mtu. Ana haki, hizo ni hatia mbili tofauti. Ila mimi naona ya pili inatisha zaidi, maana ndiyo ya watu wazuri. Tulikaa jioni ngapi na karatasi na tepu, tukiuliza "sisi wawili tunahitaji nini," na hakuna aliyeuliza gari litapita wapi. Hapo ndipo nyumba ya South B inapoachana na gari. Nyumba imekaa, na jirani ana milango mingine ya kubisha. Gari linapita mbele ya mtu, pahali ambapo huenda kesho ndiyo gari la pili, na linapita kwa sababu sisi tulitaka kuona ziwa.

Hoja ya mkanda nayo sijaishinda, wala sitaki kuishinda. Kumpakia mtu kitandani bila mkanda ni kumpa wema wenye hatari usiyoilipia wewe. Kwa hivyo jibu lilibaki moja, na lilikuwa rahisi hadi aibu. Tulirudi Kariobangi. Fundi alikuwa bado na kiti, kimerundikwa nyuma ya karakana, kitambaa cha maruni, kalamu ya mtu imeandika jina la mpenzi wake pembeni. Alituuzia shilingi 3,500 kitu tulichokuwa tumemwachia bure, na sikubishana. Akakifunga pamoja na mkanda wake. Njugu sasa zinakaa chini ya kitanda, na hatujawahi kuzikosa.

Mwezi wa nne tulikuwa njiani tena, karibu na Marsabit. Wasichana wawili wa sekondari, sanduku la bati kila mmoja, shule zinafunguliwa siku hiyo. Nikafungua mlango nikiwa na furaha yangu yote. Wakatazama kiti, wakatazamana.

"Ni kimoja tu, auntie?" mmoja akauliza.

Walikataa kuachana. Tuliwapelekea masanduku mpaka getini, wao wakabaki kungoja gari jingine. Jumamosi iliyopita nilimkuta mume wangu ndani ya gari, mlango wazi, amepiga magoti na tepu mkononi, akipima pale friji inapokaa. Sikumuuliza kitu. Nilishika ncha ya pili ya tepu.