Aliyeleta Habari Kwanza

Wanangu wa Al Qabil mnaokwenda Maskati kusomea mitandao, na nyinyi ndugu zao mnaojifunza kazi hiyo Unguja, shikeni hili. Ruta ikiletewa njia mbili za kwenda mtandao uleule, moja na itifaki ya OSPF na nyingine na itifaki ya RIP, haianzi kwa kutazama ipi fupi. Hutazama kwanza nani ameileta.

Haina budi. RIP huhesabu ruta za kupita, mwisho 15. OSPF hupiga hesabu ya gharama kwa kasi ya waya. Tatu ya huyu na ishirini ya yule hazipimiki kwa mizani moja. Wanazuoni wa hadithi nao humkagua msimulizi kabla ya kuyapokea maneno yake. Basi kila chanzo kina namba yake ya kuaminika, na ndogo ndiyo hushinda. Kwenye Cisco, mtandao uliounganishwa moja kwa moja ni 0, njia iliyoandikwa kwa mkono 1, BGP ya nje 20, OSPF 110, RIP 120, BGP ya ndani 200. Mwenye 255 haaminiwi kabisa. Juniper wana hesabu nyingine: OSPF ya ndani 10, BGP 170. Msizibebe namba za huku mkazipeleka kule.

Wengi hukosea hapa: namba hizi huamua pale tu njia zinapokuwa za anwani zilezile. Njia ya /24 iliyoletwa na RIP hufuatwa mbele ya /16 ya OSPF, kwa kuwa imetaja mahali kwa ufinyu zaidi.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni ile 1. Njia ya mkono huishinda OSPF hata kama huko mbele pamekatika, maadamu waya wa karibu ungali hai. Pakiti zitapotea na ruta haitalalamika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zake. Siku kama ile, njia ya mkono inayoelekea kulikokatika huwazuilia watu njia nzima iliyopo.

Mkitaka njia ya akiba, ipeni 250, ikae nyuma mpaka nyingine zote ziondoke. Kisha chomoeni waya mkuu kwa makusudi, usiku, watumiaji wakiwa wachache, mwone kama akiba inashika. Na kila njia ya mkono muiandikie sababu yake, atakayewarithi kazi aijue.