Aliyefukua Shimo na Aliyefunga Njia

Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, hapa kwetu Nyamongo, yakaingia mto Tigithe, mto tunaonyweshea ng'ombe na ambao unakwenda kumwaga maji yake katika mto Mara. Wananchi walisema mifugo imekufa na watu wamekufa. Mgodi ukakanusha habari za vifo. Katika maelezo ya mgodi kulikuwa na jambo moja ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo. Walisema maji yalipata upenyo kwa sababu watu wa vijijini walikuwa wameiba karatasi ya plastiki iliyotandikwa kuyazuia.

Karatasi ya namna ile ni nyeusi, nzito, haichaniki kwa mkono. Ukianika mtama juu yake unyevu wa chini haupandi; ukiifunga kwenye paa la jiko, masika yote utaisikia mvua ikilia juu bila kukugusa. Sitaapa kwamba haikuibwa. Nimefundisha shule ya msingi huku maisha yangu yote ya kazi, na baadhi ya wezi wa huku ni mimi niliyewafundisha kusoma.

Basi kosa la nani? Ukiliuliza hilo kijiweni Nyamongo utajibiwa kabla chai haijapoa. Mwenye nyumba za kupangisha, ambaye wapangaji wake wanalipwa na mgodi, atasema wezi. Mwenye shamba lililoishia chini ya kifusi atasema mgodi. Mimi hukimbilia Kutoka sura ya 21. Musa aliwaachia Waisraeli, watu wa mifugo kama sisi, sheria ya mtu anayefukua shimo akaliacha wazi: ng'ombe wa jirani akitumbukia akafa, mwenye shimo anamlipa mwenye ng'ombe, na mzoga anabaki nao yeye. Sheria haiulizi ng'ombe alikuwa anatafuta nini pale. Mjanja mmoja aliwahi kunikatiza katika somo la Jumapili la watu wazima: "Mwalimu, hili shimo lilifunikwa. Watu ndio waliofunua." Nikamwambia, anayefukua shimo katikati ya malisho ya watu, tena shimo la sumu, mfuniko ni wake na ulinzi wa mfuniko ni wake. Akaridhika, akataka kukaa. Nikamzuia, kwa sababu upande wa pili hakuuuliza: kama kweli kuna aliyeiba ile karatasi, hakumkomoa mwenye hisa wa ng'ambo. Aliyekomolewa ni jirani, ambaye ng'ombe wake walikwenda mtoni asubuhi kama siku zote.

Kipimo hicho ndicho ninachopimia kila fujo inayofanywa kwa jina la ardhi na maji. Siulizi kwanza kama inawaudhi watu. Nauliza inamwangukia nani.

Mimi ni Mmenoniti. Wamisionari wetu walifika Shirati mwaka 1934, na dini waliyotuletea inakataa silaha kabisa kabisa, hata ya kujitetea. Mungu ana utani wake: mkoa mzima wa watu wa mapanga na mishale, dini ya kutorudisha kofi akaileta kwetu. Nimekulia katika mafundisho hayo na sijayaacha. Kwa hiyo nilipokutana na kizuizi cha barabarani, nilikuwa na maoni yangu tayari.

Nilikuwa natoka Tarime, miaka kadhaa iliyopita, na gari letu likakuta magogo na mawe yamelazwa njiani, vijana wamejaa. Dai lao lilikuwa maji safi na fidia. Mmoja wao nilimfundisha darasa la nne. Aliponiona akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mura. Tupisheni."

"Leo hupiti, Mwalimu."

Alisema kwa adabu ileile aliyokuwa nayo darasani alipokuwa hajafanya kazi ya nyumbani. Hatujamaliza, ikaja pikipiki imebeba mshikaki: dereva mbele, nyuma mwanamke aliyemshika mgongo mwenzake, na katikati yao mjamzito aliyefumba macho. Mmoja wa vijana akapiga kelele kwamba akipita mmoja watapita wote. Mwanafunzi wangu hakujibu. Akalisukuma gogo kwa mguu, likagoma, akainama akalibeba upande mmoja huku akimtukana mwenzake kwa Kikurya mpaka naye akashika upande wa pili. Pikipiki ikapita. Mimi nikanyanyua mkoba wangu nipite nyuma yake. Wakanirudisha.

Nilikaa chini ya mti mpaka jua la saa tisa, na niliwachukia. Mtu angenipa fomu ya kura ya maoni pale, ningeandika wafungwe wote. Nilipofika nyumbani nikaoga, nikala ugali, nikaona hasira inashuka pamoja na vumbi. Hapo nikaanza kuyatilia shaka yale tunayoyaita maoni ya wananchi. Mara nyingi ni maoni ya mtu aliyechelewa. Nami sikuchelewa kwenda hospitali. Nilichelewa kwenda kulala mchana.

Gideoni anafaa hapa. Katika Waamuzi sura ya 6 anaamriwa kuibomoa madhabahu ya Baali, na anaifanya kazi hiyo usiku, na watumishi kumi, kwa sababu mchana aliuogopa ukoo na mji. Kulipokucha mji ukaulizana, ukampata, na uamuzi ukawa mmoja: auawe. Huwezi kupata maoni ya wananchi yaliyo wazi kuliko hayo. Aliyemwokoa ni Yoashi, baba yake, aliyesimama mbele ya kundi akawaambia kwamba Baali, kama ni mungu kweli, ana haki ya kujitetea mwenyewe. Wahubiri wengi hupita hapo haraka kwenda kwenye mitungi na mienge. Mimi hukaa. Madhabahu ile ilikuwa ya Yoashi mwenyewe, na ng'ombe waliotumika usiku ule walikuwa wake. Gideoni alianzia kwao. Hasara iliangukia nyumba yake, na mwenye hasara ndiye aliyemtetea. Mji, ambao haukupoteza hata kuku, ndio uliotaka damu.

Kwa hiyo wingi wa watu waliokasirika haunitishi. Kinachonitisha ni usiku. Gideoni namsamehe, wengine sina hakika. Huku kwetu, Desemba 2008, watu walivamia mgodi na mitambo ikachomwa moto. Tarehe 16 Mei 2011 mamia ya watu waliingia mgodini, polisi wakafyatua risasi, na watu wasiopungua watano wakauawa. Baadhi ya familia zilikwenda kudai haki mpaka mahakama ya London, na shauri hilo likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Walioingia wengi wao hawakwenda kutetea mto. Walikwenda kutafuta mawe yenye dhahabu kwenye kifusi, kama wanavyokwenda maintruda, ndivyo tunavyowaita, kila wanapopata mwanya. Waandishi wa mbali wanapenda kuamua moja kati ya mawili: ama hawa ni wezi, ama ni wapigania haki. Ukiishi hapa unaona ni mtu yuleyule. Baba yake alikuwa na shimo lake la uchimbaji mdogo kabla kampuni haijafika, akaondolewa, mtoto akakua akiutazama ukuta, siku moja akaingia na kiroba. Njaa yake na dai lake vinatembea pamoja. Kumtaka awe na nia safi kwanza ndipo malalamiko yake yasikilizwe ni anasa ya aliyeshiba. Na risasi kwa mtu mwenye kiroba cha mawe, dini yangu haina mahali pa kuiweka.

Hapo hapo, msinifikirie mlaini. Kuna tegesha. Watu husikia eneo fulani litachukuliwa, basi kwa usiku mmoja zinaota nyumba za mabati zisizo na mtu ndani, na miche inapandwa imebanana kama nywele, ili mthamini akija aikute. Wapo wanaoiita mapambano dhidi ya mgodi. Nimeona bibi mwenye nyumba ya kweli, alimozalia watoto wake, akisubiri fidia mwaka baada ya mwaka huku wakubwa wakibishana zipi ni nyumba na zipi ni mtego. Hasara ya tegesha ilimwangukia yeye. Hilo silibariki hata mtu aniambie mgodi ulianza.

Kijana mmoja wa kijiweni alinionyesha kwenye simu wasichana wawili wa Kiingereza, wa kundi la Just Stop Oil, wakiumwagia supu ya nyanya mchoro wa alizeti wa Van Gogh jijini London, Oktoba 2022. Mchoro ulikuwa nyuma ya kioo. Fremu ndiyo iliyoharibika. Kijiwe kizima kilicheka. "Supu nzima, Mwalimu!" Walipohukumiwa Septemba 2024, mmoja miaka 2 na mwingine miezi 20, kicheko kilipungua. Niliwauliza supu ile ilimwangukia nani. Wakafikiri, wakasema haikumwangukia mtu. Nami naona hapo ndipo ulipo udhaifu wake, ingawa wao walidhani nausifia: mwenye visima vya mafuta naye haikumgusa. Wale waliokaa juu ya barabara za magari kule walimgusa mtu, ila mara nyingi alikuwa fundi anayewahi kibaruani.

Linganisha na Ngorongoro. Agosti 2024 Wamasai kwa maelfu walijaa kwenye barabara ya kwenda Serengeti, magari ya watalii yakasimama, kwa sababu vijiji vyao vilikuwa vimefutwa katika orodha na watu kuondolewa katika daftari la wapiga kura la kwao. Walikaa mchana, nyuso wazi, siku kadhaa. Kilichosimama ni biashara ileile ambayo kwa ajili yake wanaambiwa wahame. Siku chache baadaye Waziri Lukuvi alikwenda kuwaambia huduma zitarudi, na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha amri ya kufuta vijiji. Mtalii alichelewa kumwona simba. Nimejaribu kumhurumia, nimeshindwa.

Hata hivyo walisemwa. Nchi hii, ukifunga njia, watu hawaulizi unalilia nini, wanauliza nani amekutuma na amekulipa ngapi. Tundu Lissu alipokuja Nyamongo kama wakili wa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, kabla hajawa mbunge, alisemwa hivyo. Amosi naye alisemwa hivyo: mchungaji wa Tekoa, mtu wa kusini, anakwenda kaskazini kuwasema matajiri, na kuhani Amazia anamwambia arudi kwao akatafute mkate wake huko. Amosi hakukana kutumwa. Alitaja aliyemtuma.

Kanisa langu lina shujaa mmoja ambaye watoto wetu wanapaswa kumjua zaidi. Dirk Willems, Mholanzi, alitoroka kifungo akakimbia juu ya barafu; mlinzi aliyemfukuza akazama. Dirk akarudi, akamvuta, akakamatwa papo hapo. Alichomwa moto tarehe 16 Mei 1569. Tarehe kuwa ileile ya risasi za mgodini ni bahati tu, lakini kila mwaka ikifika naiona mara mbili. Dirk alivunja sheria, na alipoona anayemfukuza anakufa aligeuka. Sisi tumekibakiza kile kipande cha kugeuka na kukisahau kile cha kuvunja. Tunahubiri amani kwa mwenye jiwe mkononi, na mwenye shimo tunamkaribisha kwenye harambee ya mabati.

Kumbuka NEMC, baraza la taifa la mazingira, mwaka 2019 iliitoza Acacia, iliyokuwa ikiendesha mgodi wakati huo, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu, na Julai mwaka huo ikazuia bwawa lisitumike kwa muda. Hapo ilikuwa imepita miaka 10 tangu watu wa Tigithe waanze kupiga kelele. Hakuna aliyerudi vijijini kusema wale wakorofi walikuwa na hoja. Na Machi 2022 maji ya Mara yalipogeuka meusi karibu na Kirumi na samaki wakafa, kamati ya serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilitaja kinyesi na mikojo ya mifugo. Wafugaji walicheka sana, kicheko cha mtu aliyezoea. Simbishii Profesa maabara yake. Nasema tu kwamba mtu asiyeaminiwa anaposema mto umechafuka hataamini naye anapoambiwa ni ng'ombe wake.

Yule mwanafunzi wangu wa darasa la nne sasa ana pikipiki yake, ya mkopo, na ana watoto. Juzi alinibeba kutoka Nyangoto, na abiria mwingine nyuma yangu, mshikaki vilevile. Njiani akaanza kuwalaani vijana waliofunga barabara wiki iliyopita: wamemkosesha hela ya rejesho, serikali iwakamate. Nikamkumbusha gogo. "Ile ilikuwa tofauti, Mwalimu." Nikamwomba anieleze tofauti yake. Akapunguza mwendo ili asikike, akaeleza, nikapinga, akasimamisha kabisa pikipiki kando ya barabara, akageuka, tukabishana hapo juani, mpaka yule abiria wa nyuma, ambaye hakuwa na habari na Gideoni wala na mgodi, akauliza kwa hasira sisi wawili ni nani aliyetupa ruhusa ya kumchelewesha.