Gari Lililozama Majini: Je, Muuzaji Anyamaze?

Wasomaji wetu, mvua kubwa haina upendeleo. Humwingilia aliyejenga kwa saruji na aliyejenga kwa udongo, na asubuhi yake wote wawili huonekana wakianika magodoro. Twakumbuka mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 na ya Aprili 2018, hasa katika bonde la mto Msimbazi pale Jangwani. Twakumbuka pia yale ya Nairobi ya Aprili 2024. Mara zote hizo maji hayakuingia majumbani tu. Yaliyakuta magari yameegeshwa milangoni, gereji na barabarani, yakayafunika.

Maji yakipungua, mwenye gari hujiuliza: Je, litapona? Hilo ni swali la fundi, na fundi atalijibu. Lakini liko swali la pili ambalo fundi hana spana ya kulifungua: siku mwenye gari atakapoliuza, je, yampasa kumwambia mnunuzi kwamba gari hilo lilizama? Swali hili ndilo twataka kulitazama leo. Maana wako watu wema, wasioweza kugusa hata kuku wa jirani, ambao hulijibu vibaya wala wasione haya.

Kwanza yafaa tujue maji huifanyia nini motokaa. Injini huvuta hewa na kuibana, lakini maji hayabaniki. Yakiingia kwa tundu la kuvutia hewa wakati injini inazunguka, pistoni huyagonga kama mtu agongaye mwamba, na vyuma vinavyoisukuma hupinda au kuvunjika. Ndiyo maana mafundi wenye akili huonya kwamba gari lililozama lisiwashwe hata kwa kujaribu. Betri itenganishwe, gari livutwe, na oili za injini, giaboksi na difu zikaguliwe na kumwagwa zikiwa zimeingiwa na maji. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa haihitaji shahidi mwingine.

Lakini madhara ya injini yana nafuu, kwa sababu huonekana upesi. Yaliyo mabaya zaidi hukaa kimya. Matope hubaki chini ya zulia na ndani ya milango. Nyaya huota kutu ya kijani kwenye maungio yake, polepole, mwezi baada ya mwezi. Na ikiwa maji yalikuwa ya chumvi, kutu huja kwa haraka zaidi. Kisanduku cha umeme kinachotawala mifuko ya hewa, ambacho katika magari mengi hufungwa karibu na sakafu, chaweza kulowa, kikakauka, kikaonekana kizima, kisha kikashindwa kazi siku ile ile kinapohitajiwa. Gari la namna hii laweza kuoshwa, likatiwa viti vipya na manukato, likang'aa kuliko lile ambalo halijapata kulowa. Hapo ndipo udanganyifu hupata nafasi yake: kasoro ipo, bei ipo, na macho ya mnunuzi hayafiki.

Tuchukue mfano. Dereva mmoja amenunua gari la teksi kwa mkopo. Ana bima ndogo tu, ile ambayo sheria humlazimisha kuwa nayo, inayolipa madhara aliyowatendea wengine wala si hasara ya gari lake mwenyewe. Mafuriko yanamkuta usiku. Anatumia akiba yake yote kwa fundi, na gari linatembea tena. Fundi anamwambia kwa sauti ya chini: "Kaka, liuze mapema, kabla halijaanza kukusumbua." Anakuja mwalimu mstaafu, mama wa watu, na kiinua mgongo chake mkononi. Anatazama taa, anapiga honi, anaendesha mpaka njia panda na kurudi. Anauliza kama injini ni nzima, naye dereva anajibu kwamba aliisikia mwenyewe ikinguruma vizuri. Habari za maji hazikuulizwa, wala hazikusemwa. Mama analipa bei ya gari lisilo na kasoro. Je, dereva ametenda haki?

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu juu ya wajibu wa mtu, na humo aliwaonyesha wanafalsafa wawili wakibishana. Mmoja, Diogenes wa Babeli, alishika kwamba muuzaji aeleze kasoro zile tu ambazo sheria humtaka azieleze; zilizobaki, maadamu hasemi uongo, si kazi yake. Mwingine, Antipater wa Tarso, alishika kwamba mwenye kuuza nyumba aijuayo kuwa na boriti zilizooza, kisha akanyamaza, ni kama mtu amwachaye mgeni apotee njia huku yeye akiijua. Cicero mwenyewe aliona kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Bali ni kuficha kweli mtu anapotaka, kwa faida yake, mwenziwe asijue jambo linalomhusu.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino alilipima swali lile lile kwa mizani ya haki. Alisema kasoro iliyo wazi, kama vile farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima aambiwe. Akiuziwa pasipo kuambiwa, muuzaji amemkosea na yampasa kumlipa. Thomas hakuwa mkali kupita kiasi. Hakumtaka muuzaji apeleke mpiga mbiu sokoni kutangaza ubovu wa mali yake, hata watu wote wamkimbie. Alitaka tu amwambie yule mmoja aliyemjia kununua.

Basi tuzisikilize sababu ambazo dereva wetu aweza kuzitoa, maana nazo zina uzito.

Ya kwanza: "Hakuniuliza. Mnunuzi na ajihadhari." Ni kweli kwamba sheria ya mauzo tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, iliyofuata ile yao ya mwaka 1893, humwachia mnunuzi sehemu kubwa ya kujihadhari, hasa anaponunua kwa mtu asiye mfanyabiashara wa bidhaa ile. Lakini sheria ni sakafu tu ya haki, si paa lake. Tena tuulize: mauzo ni nini? Ni mapatano ya nia mbili juu ya kitu kimoja. Mama yule alikubali kununua gari ambalo halikuzama. Gari hilo halipo duniani. Aliloondoka nalo ni jingine, ambalo hakulikubali, kwa kuwa hakulijua. Kuna fedha zilizotoka mkono mmoja kwenda mwingine, lakini mapatano hayakuwapo. Watu wetu wana neno lao kwa jambo hili: ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ya pili: "Mafuriko hayakuwa kosa langu. Kwa nini nibebe hasara peke yangu?" Sababu hii yatugusa moyo, maana ni kweli kabisa kwamba hakustahili. Lakini mama naye hakustahili. Hasara haikufutika kwa kuuzwa, imehama tu. Na katika kuhama kwake imebadilika sura. Mvua haikumchagua dereva. Ilinyesha tu, naye alikuwa njiani mwake. Bali dereva alimchagua mama. Alimtazama usoni, akapima ujinga wake juu ya magari, akamtwisha mzigo. Lililokuwa msiba limekuwa dhuluma.

Ya tatu: "Kila mtu hufanya hivyo, hata mimi huenda niliuziwa hivyo hivyo." Tuangalie mnyororo huu waishia wapi. Baada ya kimbunga Harvey cha Agosti 2017 huko Texas, Marekani, mamia ya maelfu ya magari yalizama. Kwao ziko alama za kuandikwa katika hati ya gari lililoharibiwa na maji. Lakini wako wajanja walioyapeleka magari ya namna hiyo katika jimbo lingine na kuyaandikisha upya, ili hati mpya itoke bila alama. Wanayo sheria, wanayo maandishi, na bado kimya cha mtu mmoja huyapita yote. Kwetu, kadi ya gari huonyesha mwenye gari na namba za injini na chasisi; haielezi kama gari lilipata kulala majini. Shahidi aliyebaki ni ulimi wa muuzaji. Akinyamaza yeye, gari litapita mkono kwa mkono hadi limfikie asiyeweza tena kuliuza, au abiria asiyekuwa na habari yoyote, aliyelipa nauli yake na kukaa kiti cha mbele.

Wala dereva hayuko peke yake katika kosa hili. Fundi aliyejua akashauri gari liuzwe kwa kificho ana sehemu yake. Dalali aliyejua akalisifia kwa ajili ya asilimia yake ana sehemu yake. Na mnunuzi ambaye haulizi kwa makusudi, kwa sababu naye amenuia kuliuza juma lijalo, asijidhanie kuwa amedanganywa.

Basi afanyeje mtu aliyepatwa? Hatusemi asiuze. Kuuza gari lililozama si kosa, likiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Na aseme mambo manne: lilizama lini, maji yalifika wapi, sakafuni, kwenye viti au juu ya usukani, yalikuwa ya mvua au ya chumvi, na nini kimebadilishwa. Mambo hayo yaandikwe katika mkataba wa mauziano, pande zote mbili zitie sahihi. Kama breki au mifuko ya hewa ina mashaka, gari lisirudi barabarani kubeba watu. Liuzwe vipuri, na vipuri vya umeme vilivyolowa visiuzwe kama vizima. Aliyekwisha kuuza kwa kificho bado ana njia: amrudie mnunuzi, amwambie, wagawane gharama au arudishe kilichozidi. Ni vigumu, twajua. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na hili ni deni.

Mnunuzi naye awe na macho. Auvute mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, atazame kama una mstari wa matope, ainue zulia, aguse bolti za chini ya viti kama zina kutu, anuse, aangalie unyevu ndani ya taa. Na aulize waziwazi: "Gari hili lilipata kuingia majini?" Hata hivyo uangalifu wake haumpunguzii muuzaji wajibu wake, kama vile kufuli mlangoni pangu hakumpi mwizi ruhusa pale nisipofunga.

Lakini tusiishie kumhukumu dereva. Yeye atasema kweli, bei itashuka, na mkopo utabaki pale pale. Kweli yake itamgharimu fedha ambazo hana. Jamii inayomtaka aseme kweli, kisha ikamwacha azame nayo peke yake, imemwomba awe shujaa ili yenyewe ibaki salama. Haifai. Wenye kumkopesha wampe muda. Chama chake cha akiba na mikopo kimtazame kama mwanachama aliyepatwa na msiba, si kama mdaiwa mkaidi. Jirani na ndugu wamchangie kama wachangiavyo harusi na mazishi. Na sisi wanunuzi, tunapokutana na mtu anayetuambia kasoro ya kitu chake kabla hatujauliza, tusimkimbie. Tupatane naye bei ya haki. Tukimkimbia msema kweli na kumkumbatia mwenye manukato, tutakuwa tumewafundisha wengine wote kunyamaza, kisha tusishangae zamu yetu ikifika.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari lililozama haliwezi kujiuza. Lahitaji mtu wa kulisemea, naye ni yule mmoja tu aliyeona maji yalifika wapi. Na aseme.