Mlipaji wa Chapa na Neno la Mwandishi

Sisi walimu wachache wenye asili ya Darakasi na visiwa jirani tumekusanya hadithi za wazee wetu, tukatafuta njia ya kuzipiga chapa. Amejitokeza mfadhili wa kulipa gharama zote, kwa sharti moja: Kibajuni kigeuzwe Kiswahili Sanifu. Palipo “mchu” paandikwe “mtu”. Je, yatupasa kukubali?

Atoaye fedha za chapa hakosi kuwa na lake. Mnamo 1728 Benjamin Franklin na mwenziwe Hugh Meredith walifungua kiwanda cha chapa mjini Philadelphia. Mtambo na herufi za risasi vilitoka London, na baba yake Meredith aliahidi kuvilipia. Alitoa pauni 100, akashindwa kutoa 100 zilizosalia, nao wakashtakiwa. Ndipo marafiki wawili, William Coleman na Robert Grace, kila mmoja kwa siri yake, wakajitolea kumkopesha Franklin; ila hawakupenda aendelee na ubia na Meredith, aliyekuwa mlevi. Meredith alipojitoa, Franklin alichukua nusu kwa huyu na nusu kwa yule, asimwudhi yeyote. Angalia, msomaji: walitia neno juu ya mshirika, wala si juu ya maandishi.

Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani nao hutajwa kuwa wa mwaka uo huo, 1728, huko Pate, kusini mwetu. Mfalme ndiye aliyeutaka. Mtambo haukuwapo, palikuwa na karatasi, wino, kalamu ya mwanzi na subira ya mnakili. Hata hivyo utendi ulibaki katika lugha ya kwao.

Katika miaka ya 1880 kiwanda cha Sayyid Barghash kilipiga chapa Unguja vitabu vya Kiarabu vya madhehebu yake ya Ibadhi, ingawa Waislamu wengi wa pwani, hata Kismayo alikotawala, walikuwa Mashafii. Hatumlaumu, mali ilikuwa yake. Lakini hakumwamuru Mshafii aandike Kiibadhi.

Mmoja wetu asema wazee wanapungua, na tangu vita vya 1991 watu wetu wametawanyika: heri hadithi iliyogeuzwa kuliko iliyopotea. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatujaweza kuivunja. Hata hivyo hadithi isiyo na “mchu” wake twaiona ni ya watu wengine. Tumemwandikia mfadhili kuomba lugha zote mbili zichapwe ukurasa kwa ukurasa. Hajajibu. Kwa sasa twanakili kwa mkono, na daftari la tatu limekwisha kujaa.