Vani ya Baiskeli za Umeme na Swali la Mikono Safi

Anayekodi baiskeli ya umeme asubuhi jijini Paris huikuta kituoni imesimama tayari, na ni nadra ajiulize imefikaje pale. Jana yake jioni huenda ilikuwa bondeni, karibu na Mto Seine, imeachwa na mtu aliyeteremka nayo kutoka Montmartre kwa raha zake. Baiskeli za kukodi hufuata mteremko kama maji. Wanaoshuka nazo ni wengi kuliko wanaopanda nazo, na ingawa mota ya umeme imepunguza uvivu wa kupanda mlima, haijaumaliza. Basi usiku hupita gari la mizigo lililofunikwa, yaani vani, likizikusanya zilikorundikana na kuzipeleka zinakohitajika.

Hapo ndipo penye swali. Baiskeli ya umeme imeletwa mjini kwa ahadi ya hewa safi, na gari linaloibeba mara nyingi hunywa dizeli. Mwenye baiskeli zake ishirini, awe anakodisha kwa watalii au anaendesha huduma ya mtaa, siku moja husimama mbele ya muuza magari akalazimika kuchagua. Katika kuchagua huko anakutana na jambo ambalo watu wa dini na wa falsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi: je, lengo jema huisafisha njia yenye doa? Na kama haliisafishi, doa hilo hulibatilisha lengo?

Wazo la kwanza halikuwa na gari kabisa. Mwaka 1965 mjini Amsterdam, vijana wa kundi la Provo, kwa pendekezo la mwenzao Luud Schimmelpennink, walipaka baiskeli rangi nyeupe na kuziacha mitaani bila kufuli, ili kila apitaye achukue na kuiacha afikapo. Polisi walizikamata, kwa kuwa sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufungwa. Mpango ukafa mapema. Waliamini kwamba watu wenyewe wangezizungusha baiskeli, na imani hiyo ina uzuri wake hata leo. Lakini Paris ilipozindua huduma yake ya baiskeli za kukodi, Vélib', Julai 2007, ilionekana wazi kwamba watu hawazungushi kitu, wanakwenda waendako. Mwaka uliofuata waliorudisha baiskeli kwenye vituo vya mlimani wakaanza kupewa dakika 15 za ziada. Citi Bike ya New York nayo huwapa pointi wapandaji wanaohamisha baiskeli kutoka vituo vilivyojaa hadi vilivyo vitupu. Ni busara, maana kila baiskeli inayorudishwa na mpandaji ni mwendo ambao gari limeepushwa. Hata hivyo vani bado zinazunguka.

Gharama ya kuzunguka huko ilipopimwa kwa makini, matokeo yaliwashtua wengi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walichapisha hesabu ya skuta za umeme za kukodi, ndugu wa karibu wa baiskeli hizi, tangu kiwandani hadi kutupwa. Nusu ya mchango wake katika joto la dunia ilitokana na kuzitengeneza. Asilimia 43 ilitokana na magari yaliyopita kuzikusanya zikachajiwe na kuzirudisha barabarani. Umeme wenyewe ulikuwa sehemu ndogo tu. Wapandaji walipoulizwa wangesafiri vipi kama skuta isingekuwapo, karibu nusu walisema wangetembea au wangepanda baiskeli ya kawaida. Ambao wangepanda gari walikuwa kama thuluthi.

Mfano wa kukadiria unasaidia kuona maana ya jambo hili. Tuseme vani ya dizeli inatumia lita 10 kwa kilomita 100 mjini, na kwa usiku mmoja inakwenda kilomita 80. Itachoma lita 8, na kwa kuwa lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.6 hivi za kaboni dioksidi, jumla inakaribia kilo 21. Ikiwa imehamisha baiskeli 20, kila moja imeamka na deni la kilo moja kabla haijapandwa na mtu. Ikipandwa siku hiyo na watu watano ambao wangetumia magari yao, kila mmoja kilomita 3, deni limelipwa na kuzidi. Ikipandwa na watano ambao wangetembea kwa miguu, halijalipwa hata chembe. Gari ni lilelile, na nia ya mwenye gari ni ileile.

Wanazuoni wa karne ya 13 wangeielewa hesabu hiyo mara moja. Izz ad-Din ibn Abd as-Salam, aliyefariki Kairo mwaka 1262, alikuwa wa madhehebu ya Shafii, yaleyale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Aliijenga elimu yake ya sheria juu ya kupima manufaa na madhara, na alifundisha kwamba njia hupata daraja lake kutokana na lengo inaloliendea. Mwanafunzi wake al-Qarafi, aliyekuwa wa madhehebu ya Maliki, aliifikisha fikra hiyo kwenye mfano mgumu: kuwakomboa mateka kwa kumlipa adui. Fedha hizo zinamfikia mtu asiyestahili kunufaika nazo, na hakuna anayejidanganya kuhusu hilo. Hata hivyo zinatolewa, kwa sababu kumtoa mateka kifungoni kuna uzito zaidi kwenye mizani.

Miaka hiyohiyo mwanateolojia wa Kikatoliki Thomas wa Akwino, aliyefundisha Paris, alikuwa akieleza hali ya mtu anayejitetea dhidi ya mvamizi. Nia yake ni kuokoa uhai wake, na hilo ni halali. Lakini akitumia nguvu zaidi ya inayohitajika, kitendo chake huwa haramu licha ya nia hiyo. Mapokeo haya mawili yanatofautiana katika mengi, ila hapa yanakutana: nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kupima. Anayenunua vani yoyote kwa kuwa biashara yake ni ya kijani ameukwepa wajibu huo. Ameukwepa vilevile anayekataa gari lolote ili abaki safi, huku baiskeli zake zikilala bondeni na watu wa mlimani wakirudi kwenye magari.

Kupima kwenyewe huanza na futi ya fundi. Baiskeli ya umeme ina urefu wa mita 1.8 hivi, usukani wa sentimita 65 hadi 70, na uzito ambao kwa kawaida ni kilo 20 hadi 30. Vani kubwa ya Ulaya, ile ambayo pamoja na mzigo haizidi tani 3.5, ina nafasi ya ndani ya urefu unaokaribia mita 4, na hapo baiskeli kumi hivi hukaa vizuri. Uzito wa baiskeli hizo kumi ni kama kilo 250, ilhali gari lenyewe laweza kubeba tani nzima. Nafasi huisha mapema kuliko nguvu, kwa sababu baiskeli hazilaliani: pedali ya moja huingia kwenye spoku za nyingine, na diski ya breki ikigongwa hupinda. Wazoefu huipanga moja ikitazama mbele na inayofuata ikitazama nyuma, usukani wa hii ukiangukia juu ya kiti cha ile, kila moja na mkanda wake. Hapo inaanguka hoja inayosikika kila siku, kwamba vani ya umeme haifai kwa sababu betri yake inakula uzito wa mzigo. Kwa mwenye kubeba saruji hoja hiyo ina nguvu, lakini mwenye baiskeli haimhusu.

Linabaki suala la paa. Vani hizi huuzwa zikiwa na paa fupi au refu. Ya paa refu ni ghali zaidi na hula mafuta zaidi, kwa kuwa inakata upepo mwingi. Baiskeli ina kimo cha mita 1.1 tu, haina haja na paa refu. Anayezihesabu baiskeli peke yake atachukua fupi na kuona ameokoa fedha na hewa. Ila ndani ya vani hiyo kuna mtu. Anaingia ameinama, anainua gurudumu la nyuma lenye mota, analisogeza kando, anapiga goti kufunga mkanda, anageuka na kutoka bado ameinama, kisha anarudi na baiskeli nyingine. Kwenye paa refu, lenye mita 1.9 hivi ndani, watu wengi husimama wima. Sakafu nayo ina habari zake: gari linalovutwa na magurudumu ya mbele halina shafti inayopita chini kwenda nyuma, kwa hiyo sakafu yake huwa chini zaidi, na tofauti hiyo ya sentimita chache mgongo huisikia kila baiskeli inapopandishwa.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huanza hesabu zake za kunyanyua mizigo kwa kilo 23, na hicho ni kikomo cha hali bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, mtu hajajipinda, wala hanyanyui mfululizo. Baiskeli ya umeme ndani ya vani ya paa fupi inavunja masharti yote hayo hata kabla haijawekwa kwenye mizani. Wanaouza usafiri safi huutaja mgongo huu mara chache sana, na ukimya wao ni kasoro ya maadili.

Yupo mwanafalsafa ambaye angeanzia hapohapo. Mwishoni mwa 1934 Simone Weil, mwalimu wa falsafa, aliacha darasa akaenda kufanya kazi viwandani. Kiangazi cha 1935 alikuwa Renault, huko Boulogne-Billancourt pembezoni mwa Paris, akiendesha mashine ya kuchonga chuma. Kampuni hiyohiyo leo hutengeneza Renault Master, mojawapo ya vani zinazoonekana sana kwenye barabara za Ufaransa. Weil alikuwa dhaifu wa mwili, akisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa. Aliona kwa mwili wake jinsi kazi inavyoweza kumfikisha mtu mahali pa kuamini kwamba hana haki ya kitu chochote. Baadaye aliandika kwamba kumtazama anayeumia, kwa makini na bila haraka, ni jambo adimu na zito kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye kujali usafi wa mikono yake hujitazama yeye. Weil anamtaka ageuze uso amwangalie anayebeba.

Ukigeuza uso hivyo, vani ya umeme nayo haiponi. Ford E-Transit iliyoingia sokoni mwaka 2022 ilikuwa na betri ya kilowati-saa 68. Betri ya baiskeli nyingi ina nusu kilowati-saa. Kwa hiyo gari moja lina betri ya kutosha baiskeli 136, na betri ya aina hiyo hutumia kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, asilimia 70 hivi, huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Katanga ya Juu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na machimboni. Huko Kolwezi wachimbaji wadogo hushuka kwenye mashimo yasiyo na nguzo za kuzuia udongo, na mashimo hayo huporomoka. Hewa ya Paris inasafishwa kwa jasho la wasemaji wa lugha hii. Dizeli nayo haikutoka peponi. Waulizwe wavuvi wa Delta ya Niger, ambako mafuta huchimbwa. Zipo betri za litiamu, chuma na fosfeti zisizo na kobalti, na kwa vani inayorudi yadi kila siku ufupi wa mwendo wake kwa betri hizo si tatizo.

Mahali nako huamua. Vani ya umeme inayochajiwa Nairobi inatumia umeme ambao kwa asilimia 90 hivi ni wa jadidifu, sehemu yake kubwa ikitoka kwenye mvuke wa ardhini huko Olkaria; ikichajiwa Poland inategemea sana makaa ya mawe. Anayesema gari la umeme ni safi bila kutaja limechomekwa wapi hajasema kitu bado.

Kwa mizani hii, jambo la kwanza kwa mwenye baiskeli ni kupunguza mizunguko, kwa kuwalipa wapandaji wazirudishe na kwa kubadilisha betri kituoni badala ya kuihamisha baiskeli nzima. Gari likibaki la lazima, paa refu na sakafu ya chini vitangulie mbele ya hoja ya mafuta, kwa sababu madhara ya mgongo ni ya hakika na yana mwenyewe anayejulikana kwa jina. Pawepo pia ukuta wa chuma kati ya dereva na mzigo. Mwaka 2023 mioto ya betri za litiamu iliua watu 18 jijini New York, na betri iliyopasuka au kuvimba haistahili kusafiri nyuma ya kiti cha mtu. Baada ya hapo, mwenye uwezo anunue ya umeme isiyo na kobalti. Asiye nao ana haki ya kununua dizeli iliyotumika bila kujiona mnafiki, maadamu ile mizunguko ameipunguza kweli.

Kuanzia Februari 18, 2027, kanuni ya Umoja wa Ulaya itataka betri za magari na za baiskeli za umeme zinazoingizwa sokoni ziwe na pasipoti ya kidijitali, inayosomwa kwa simu, ikieleza zimeundwa kwa madini gani na zimechafua kiasi gani. Mnunuzi atakuwa na la kumwuliza muuzaji. Kuhusu mpakiaji pasipoti hiyo haisemi neno. Wauza magari hukubali gari lijaribiwe kwa kuendeshwa. Waombwe wakubali pia lijaribiwe kwa kupakiwa, baiskeli kumi, kupanda na kushuka, na wa kuzipakia awe yule atakayelifanyia kazi usiku.